Wagothi wa Uwanda wa Ngano

Siku tuliyomzika mama kule Endagikot, wanawake waliokuwa wakiandaa chakula cha waombolezaji walianza kutwanga pilipili manga nyuma ya jiko, nami nikashindwa kubaki pale. Harufu ile ilinitoa uani, ikanipeleka mpaka ukingoni mwa shamba la mahindi, nikakaa juu ya jiwe hadi shangazi alipokuja kuniuliza kama naumwa. Nilimjibu kwamba siumwi. Nadhani nilisema kweli, ingawa tangu siku hiyo sijaandika hata aya moja ya tasnifu yangu, na mwalimu anayenisimamia ameacha kuniulizia.

Tasnifu hiyo inahusu kuporomoka kwa Roma. Sura ninayopaswa kuiandika sasa ni ile ya mji kuzingirwa na Wagothi: jinsi nafaka kutoka Afrika ilivyokatika, jinsi wakazi walivyopunguziwa mkate, na jinsi wakubwa wa mji walivyotoka nje ya kuta kujadiliana bei ya kuachwa hai. Habari hizo nazijua kwa vyanzo vyake na kwa mabishano yake. Shida ni kwamba nilizijua kwanza nikiwa mtoto wa kambini, nikazielewa vibaya, na kila ninapojaribu kuziandika kama msomi, yule mtoto ananitangulia mezani. Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye mashamba ya serikali, mliolala mkisikia kombaini zikinguruma na kuamka na makapi ya ngano kwenye kope, labda mtaniambia kama na ninyi mliwahi kuogopa kitu ambacho hakikuwa kimefika, huku mkikipita kile kilichokuwa kimekwisha kufika.

Sisi tulikuwa watu wa milimani. Baba alizaliwa Daudi, mama Endagikot, mahali ambapo kila shamba lina mteremko wake na mtu akisimama mlangoni anaona moshi wa jirani. Kushuka uwandani kulimtia mama hofu ambayo sikumsikia akiitamka. Chini ya Mlima Hanang, ngano ya serikali ilianzia nyuma ya choo chetu na haikuonyesha inakoishia. Upepo ulipovuma, shamba zima lilielekea upande mmoja kwa pamoja, na mama, aliyezoea mimea inayotikisika kila mmoja kwa namna yake, aliingia ndani na kufunga dirisha.

Tulibaki kwa sababu ya Land Rover. Baada yangu mama alikuwa amepoteza mimba, kisha nyingine, zote huko milimani, zote njiani akibebwa kwenye machela kutafuta hospitali. Shamba la serikali lilikuwa na zahanati yenye muuguzi, na gari la kumkimbiza mjamzito hospitali ya Katesh. Baba aliichukua kazi ya kuendesha trekta kwa ajili ya gari hilo. Sasa mama alikuwa mjamzito tena, na ninyi mliolelewa na wazazi walioshindwa mara kadhaa mnajua jinsi nyumba inavyotembea kwa ncha za vidole.

Mjomba Bura, mdogo wake mama wa mwisho, alikuwa akiishi nasi akijiandaa kurudia mtihani wa kidato cha sita. Alisoma kwa sauti. Aliamini kwamba jambo ambalo hujamweleza mtu mwingine hujalielewa, na kwa kuwa watu wazima walimkimbia, mtu huyo mwingine nikawa mimi. Tulikaa kizingitini na ungo wa maharage kati yetu, akanieleza kuanguka kwa Roma kama mtu anayesimulia ugomvi wa jirani.

"Wamejenga mifereji ya maji inayovuka mabonde," alisema, "lakini mafundi wamekwisha. Jiwe likidondoka, wanachukua jiwe la mfereji mwingine kuziba. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mjomba."

"Halafu jeshi. Warumi wenyewe hawataki tena kupigana. Wanawaajiri washenzi wawalinde dhidi ya washenzi."

"Bura," mama aliita kutoka jikoni, "hao Warumi wamekununulia chumvi? Kamata maharage."

"Nakamata, dada. Nakamata huku ufalme unaanguka."

Alisema unaanguka. Hakusema ulianguka. Nimelifikiria jambo hilo kupita kiasi, na bado sidhani kwamba kosa langu lilitokana na namna yake ya kusema, kwa sababu ushahidi niliokuwa nao machoni ungemshawishi hata mtu mzima. Wataalamu wa kizungu walikuwa wamefungasha na kuondoka. Kwenye kiwanja cha ndege ndogo iliyokuwa ikinyunyiza dawa, punda walilala. Karakana ilikuwa na kombaini moja nyekundu iliyoharibika, na kila kombaini nyingine ilipokosa kipuri, mafundi walienda kuichuna ile, leo mkanda, kesho beringi, mpaka ikabaki mifupa inayopitisha upepo. Pampu ya maji ilikohoa. Mimi niliviona vyote na kuviweka pamoja. Roma haikuwa mahali. Ilikuwa jina la kile kilichokuwa kikitupata, na mjomba alikuwa na kitabu kinachotangulia kueleza.

Nilichokosa ni washenzi, na hao pia walikuwepo. Ng'ambo ya ngano waliishi wafugaji ambao kambini tuliwaita Wamang'ati, jina ambalo wao wenyewe hawajiiti na ambalo, nilijifunza baadaye, walipewa na watu waliopigana nao. Uwanda ulikuwa malisho yao kabla ya trekta la kwanza. Sasa ng'ombe wao waliruhusiwa kupita kwenye vijia vichache tu, na askari wa shamba aliyewazuia wasiingie kwenye ngano alikuwa mmoja wao, kijana mrefu aitwaye Gidamis. Alivaa koti la kaki la shamba juu ya mgolole wake na hakuacha kunitania.

"Wewe Mbulu mdogo," aliniambia kila alipopita, "mifupa yako imejaa maharage matupu. Njoo kwetu unywe maziwa upate shingo."

"Huyu ndiye Mgothi wetu," mjomba alimwambia siku moja.

"Mgothi ndiye nani?"

"Mtu wa nje anayeajiriwa kulinda mlango."

Gidamis alifikiri kidogo. "Na mlango ukianza kuoza, yeye analinda nini?"

Mjomba alicheka na kusema swali hilo lingefaa mtihanini. Mimi sikucheka.

Ndipo ikaja ile siku ambayo baba alirudi nyumbani mchana, kwa miguu, wakati wa kulima. Trekta lake nililiona mbali, limesimama peke yake katikati ya udongo mweusi. Alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Mama alimwekea ugali, hakuugusa. Nilikuwa nyuma ya pazia linalotenga kitanda changu, na kwa kuwa hakuna aliyeniita, nilibaki.

"Nimevunja boma," baba alisema.

"La nani?"

"La hawa majirani. Meneja ameongeza eneo. Amesimika kigingi ng'ambo, anasema mstari unyooke mpaka kwenye kigingi. Nikamwambia, mbele kuna uzio wa miiba. Akasema miiba si mtu. Trekta likapita kwenye uzio, likachukua na ukuta wa nyumba. Ndani alikaa mama na mtoto mchanga."

"Umemuumiza?"

"Hapana. Nimemwona."

Mama aliketi. Sikuelewa kwa nini hilo la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Leo naweza kulieleza kwa utaratibu. Kwa majirani wale, mwanamke aliyejifungua hukaa ndani miezi mingi, na nyumba yake katika kipindi hicho haitazamwi na mwanamume mgeni. Anayemkosea yeye amewakosea wanawake wote. Nao wanawake wana baraza lao ambamo wanaume hawaketi. Baraza hilo likikaa na kutoza faini, faini huwa ni dume jeusi la ng'ombe, na mwanamume hakatai. Akikataa wanamlaani, na laana ya wanawake huenda kule wanakotoka watu, tumboni. Sisi Wairaki wa milimani, ambao wengine hutuita Wambulu, tumeishi jirani na watu hawa vizazi vingi, tumepigana nao, tumeoana nao, tumetunziana mifugo. Baba hakuhitaji kuelezwa.

"Padre alisema laana haimshiki aliyebatizwa," mama alisema polepole.

"Alisema."

"Na huyu?" Mkono wake ulikuwa tumboni. "Huyu bado hajabatizwa, Baba Lina."

Asubuhi iliyofuata walikuwa wamekwisha kukaa. Mjomba alinionyesha kutoka dirishani. Chini ya mikaratusi iliyo karibu na tangi la maji walikuwa wanawake peke yao, wengi, wamevaa sketi zao za ngozi na bangili za shaba nyeupe na nyekundu, na michoro ya duara kuzunguka macho yao iliwafanya waonekane kama hawapepesi. Kila mmoja alikuwa na fimbo mapajani. Hawakupiga kelele, wala kuimba, wala kuomba maji, na tangi lilikuwa hapo nyuma yao. Milango ya kambi ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Nilimuuliza mjomba kama ni wao.

"Wao nani?"

"Wagothi."

Mjomba, ambaye siku nyingine angelicheka, alitazama nje tena. "Wanafanana," alisema.

Gidamis alitumwa awaondoe. Alikwenda kwa mwendo wake wa kawaida, akasimama mbele ya bibi mmoja aliyekaa katikati, mwembamba, mwenye fimbo nyeusi. Bibi alisema maneno machache. Gidamis alivua kofia. Kisha akavua koti la kaki, akalikunja vizuri, akaliweka chini karibu na bomba, akaondoka kuelekea uwandani akiwa na mgolole wake tu. Hakutazama nyuma. Mjomba alikuwa ameniambia kwamba jambo hili litatokea, kwamba walinzi watavuka upande wa pili, na hapa lilikuwa limetokea mchana kweupe, na koti likabaki pale likipigwa na jua, wala hakuna aliyethubutu kwenda kuliokota.

Meneja alimjia baba nyumbani. Alikuwa mtu wa mbali, mwenye adabu, na alikataa kukaa.

"Ndugu dereva, nasikia wanataka ng'ombe."

"Ndiyo, Meneja. Dume jeusi."

"Usitoe. Ukitoa, umekiri kwamba pale pana makazi. Ramani ya shamba haina makazi pale."

"Ramani haikuwa juu ya trekta," baba alisema. "Nilikuwa mimi."

"Nakuheshimu, kwa hiyo nakueleza mapema. Ukitoa huyo ng'ombe, utanirudishia ufunguo wa trekta, na baada ya mavuno utanirudishia nyumba." Alimtazama mama, akashusha macho. "Na huduma zote zinazoendana na nyumba."

Alimaanisha zahanati. Alimaanisha Land Rover. Kwa hiyo jambo lililokuwa mbele ya wazazi wangu lilikuwa wazi kiasi kwamba hata mimi nyuma ya pazia nililiona: upande mmoja laana, upande wa pili machela, na katikati yao mtoto ambaye hakuwa na jina. Hakuna aliyelala vizuri. Wanawake nao hawakuondoka. Kwa zamu walikwenda makwao na kurudi, mduara ukabaki umejaa.

Mimi nilikuwa na ufumbuzi. Mjomba alikuwa amenisimulia kwamba Wagothi walipouzunguka mji walitaja bei yao, na Warumi wakakusanya dhahabu, fedha, nguo za hariri, ngozi zilizotiwa rangi nyekundu, na pilipili manga. Vitu vinne vya kwanza hatukuwa navyo. Cha tano kilikuwa kwenye kopo dogo la kakao juu ya kabati, mama alikitunza kwa ajili ya Pasaka na Krismasi. Nililichukua jua likiwa utosini, watu wamejifungia, nikatembea mpaka kwenye mikaratusi. Nakumbuka majani makavu yalivyopasuka chini ya miguu yangu, harufu ya samli na ngozi, na jinsi macho yote yalivyoshuka kunifikia.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba," alijibu yule bibi wa katikati. Kiswahili chake kilikuwa kifupi. "Nini hiyo?"

"Malipo."

Alifungua kopo, akainusa, akapiga chafya kubwa iliyomtikisa bangili zote. Mwanamke mmoja pembeni alijifunika mdomo. Kisha mwingine. Kicheko kilizunguka mduara mzima bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, na bibi mwenyewe akapangusa machozi kwa kiganja. Alipotulia aliniuliza mimi ni wa nani.

"Wa dereva."

Mabega yalitulia. Bibi alifunga kopo. "Baba yako alitazama?"

Nilijua jibu, kwa sababu nilikuwa nyuma ya pazia. "Amesema alimwona. Tangu siku ile hali chakula."

Aliyaeleza hayo kwa wenzake kwa lugha yao, na mmoja wao, mwanamke kijana aliyekaa nyuma, akauliza jambo, akajibiwa. Bibi alinirudishia kopo.

"Hii siyo," alisema. "Mwambie baba: yule meneja wenu, mzungu mweusi wa gari, hatumtaki. Gari halina aibu. Yeye ana aibu, kwa hiyo tunamngoja yeye."

Nilimfikishia baba maneno hayo kama yalivyo, nikitarajia kuchapwa. Baba hakuuliza nilikuwa nikifanya nini kule. Alimgeukia mjomba. "Bura, nenda Nangwa kwa yule rafiki yangu. Mwambie anipe dume jeusi lake. Lile langu lililoko Daudi kwa mzee ni lake kuanzia leo."

"Shemeji, na nyumba?"

"Nenda."

Mama aliendelea kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Dume lilifika kesho yake, likiongozwa na mjomba aliyechanika suruali kwa miiba. Baba alilishika kamba mwenyewe na kulipitisha katikati ya kambi, mbele ya ofisi, wakati meneja amesimama barazani. Wanawake walisimama. Baba aliweka kamba chini mbele ya bibi, akasema kwa lugha yao sentensi ambayo sikuijua, akaondoka bila kuinua macho. Nilidhani yameisha. Lakini bibi hakumfuata dume. Alikuja mlangoni kwetu, akagonga kwa fimbo. Mama alitoka. Yule bibi akamtazama tumbo, akainama, akalitemea mate.

Mama hakurudi nyuma. Alisimama vilevile, ameinamisha kichwa. Mimi niliona nilichoona: walikuwa wamechukua malipo, na bado walikuwa wamemlaani mtoto. Nilimweleza mjomba jioni ile tukipukuchua mahindi, naye, akiwa amechoka, na akiwa mwaminifu kwa kitabu chake kuliko kwa mtoto, akasema: "Hata Roma ililipa. Wagothi wakaondoka. Halafu wakarudi, wakaingia."

"Walirudi baada ya muda gani?"

"Si muda mrefu."

Kwa hiyo nilisubiri. Kila mtoto anajua kusubiri, lakini kusubiri jambo ambalo watu wazima wanaonekana hawalijui kunachosha kwa namna yake. Baba alirudisha ufunguo. Alikuwa akishinda nyumbani, akirekebisha vitu visivyoharibika. Ngano iliota, ikakomaa, ikawa ya dhahabu, na kombaini zilizotoka kuivuna zilikuwa pungufu ya nilizozijua. Moja ilisimama katikati ya mstari na haikuondoka tena. Muuguzi aliomba ruhusa kwenda kwao na hakurejea. Mlango wa zahanati ulifungwa kwa waya. Meneja alikwenda Arusha kufuatilia dizeli, akakaa huko. Sehemu kubwa ya shamba ilibaki imesimama, mbegu zikidondoka zenyewe chini, na njiwa wakaja kwa makundi. Tumbo la mama lilikua. Nililitazama kila asubuhi nikitafuta mahali mate yalipoangukia.

Uchungu ulimshika kabla ya wakati, asubuhi yenye upepo. Nilimwona akishika meza, kisha ukuta, kisha akashuka chini polepole kama mtu anayetafuta sindano. Baba alikimbilia kwenye Land Rover. Ilikuwepo bandani, nzima, imeoshwa. Dereva wake alifungua tangi, akachovya kijiti ndani, akamwonyesha baba kikiwa kikavu. Nililiona jambo hilo kutoka mlangoni, watu wawili wazima wakitazama kijiti, na baba akiwa ameshika kichwa. Mjomba alipanda baiskeli kuelekea Katesh, akikanyaga dhidi ya upepo, na hata mimi niliweza kupima kwa macho umbali na kasi, nikaona hesabu haitoshi. Baba alirudi, akapiga magoti, akamwambia mama neno sikioni. Kisha akaniambia nisitoke, akakimbia kukata shamba, moja kwa moja ndani ya ngano, mpaka nikaona kichwa tu, kisha sikuona hata kichwa.

Nilifunga mlango kwa komeo. Mama alikuwa akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia na ambayo niliisikia tena mwaka huu, wodini, usiku wa mwisho wake. Nilimshika mkono, akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Damu ilikuwepo. Sikumwambia kwamba naiona.

Nilipochungulia dirishani walikuwa wanakuja. Wanawake wale, na fimbo zao, kwa mstari mmoja kupitia katikati ya ngano iliyokomaa, wakiilaza chini kwa miguu. Mbele alikuwa yule bibi mwembamba. Nyuma yao, mbali, ng'ombe walikuwa wamekwisha kuingia shambani na kula, na Gidamis alikuwa pamoja nao, na hakukuwa na mtu wa kumzuia. Baba sikumwona popote. Nilihitimisha, kwa utulivu ambao hadi leo unanitisha, kwamba wamemuua, na kwamba sasa wamerudi, kama kitabu kilivyosema, kuingia.

Walifika. Fimbo iligonga mlango. Niliegemeza mgongo wangu kwenye mbao.

"Fungua," sauti ya bibi ilisema.

Nilipeleka mkono nyuma, nikashika komeo.

"Mtoto wa dereva. Fungua."

Ndipo mama akageuza uso kutoka sakafuni. Midomo yake ilikuwa mikavu, imebadilika rangi. "Lina," alisema. "Wafungulie."

"Mama, ni wao."

"Najua ni wao. Baba yako amewafuata. Wafungulie, mwanangu."

Wanahistoria hawakubaliani ni nani aliyefungua lango la Roma. Baadhi ya waandishi wa kale wanasema watumwa. Mmoja anasimulia juu ya mwanamke wa mji huo, aliyeagiza lango lifunguliwe kwa sababu hakuweza tena kuwatazama watu wa ndani wakifa. Wasomi wengi huitilia shaka simulizi hiyo, na mimi nimeandika kurasa kadhaa za kuitilia shaka. Nilivuta komeo.

Waliingia wakileta ubaridi wa nje na harufu ya samli. Hawakunigombeza. Mmoja aliwasha moto, mwingine akampokea mama mabegani, na yule kijana aliyekaa nyuma siku ya pilipili akafungua mgolole wake, akamtoa mtoto wake mgongoni, akaniwekea mapajani bila kuniuliza, kisha akaenda kupiga magoti palipokuwa na damu. Ndiye ambaye baba alimwona, yule aliyevunjiwa nyumba ya kukaa ndani. Nilimtambua kwa jinsi wengine walivyompisha. Nilikaa kona nikiwa nimemshika yule mtoto mzito, mwenye joto, aliyenitazama bila kunihukumu, na kabla ya kurudi kwenye kazi yake bibi alimwinamia, akamtemea mate kwenye paji la uso kwa upole, kama mtu anayemfunika shuka. Niliyaona mate yakishuka. Nikayaelewa yale ya mlangoni, kidogo, na kwa kuchelewa.

Ilichukua muda mrefu. Mama aliita jina la baba, kisha la mama yake, kisha hakuita tena, na bibi alimpiga mashavu na kumsemesha kwa lugha ambayo mama hakuijua vizuri lakini aliitii. Mdogo wangu alitoka akiwa wa buluu na kimya. Walimning'iniza, wakamsugua, wakampulizia puani. Kisha akalia, vibaya, kama mtu aliyedhulumiwa, na wanawake wote wakaachia pumzi kwa pamoja.

Niliruhusiwa kufungua dirisha. Baba alikuwepo. Alikuwa amesimama nje, umbali wa kutosha sauti kufika, mgongo wake ukielekea nyumba na uso wake ukielekea uwandani, mahali ambapo ng'ombe walikuwa wakiendelea kula ngano ya serikali bila haraka. Alikuwa amesimama hivyo muda wote. Alisikia kilio cha mtoto, niliona mabega yake yakishtuka, na mikono yake ikajikunja na kukunjuka pembeni. Hakugeuka. Nilimwita, "Baba, amezaliwa," na bado hakugeuka. Alisubiri mpaka yule mwanamke kijana alipotoka, akiwa na damu ya mama mpaka kwenye viwiko, akamzunguka, akasimama mbele yake ambapo ilimlazimu kumtazama, na kumwambia aingie.